Hadisi Yenye Ntwali Alikataa Kufunga

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tisa, 1999

Inazunguka? Ndiyo, inazunguka. Ka-taa kekundu kanawaka. Bon.

Mi ni Nyirasafari. Sijui kuandika, hata kwa ofisi ya komine wananikamataka kidole wananitia wino. Donc nasema. Tarehe naisikia kwa radio, halafu naiweka hapa mbele kama vile wao wanafanya. Wanasema Jumatatu. Siye Goma tulisemaka lundi. Haizuru.

Radio-kaseti hii Illuminée aliituma kutoka Ubelgiji. Illuminée ni binti yangu mukubwa, anaandika vitabu. Alituma na kaseti tupu, nimujazie hadisi. Lakini hii moja si ya kwake. Hii ni yangu. Ilikuwa na nyimbo za kwaya ya parokia, nimezifuta, Mungu anisamehe — wale wamama walikuwa wanalia kama mbuzi yenye kufungwa kwa jua.

Na nasema Kiswahili makusudi! Juu ya Denyse. Denyse ni bibi ya mutoto wangu Ntwali, tunakaa naye nyumba moja. Alikulia Uganda. Kinyarwanda anasikia, Kingereza anasikia, Kiswahili hajui hata cha kuomba chumvi. Sasa iko pale nje anafua, naona mugongo yake kwa dirisha. Muone! Anapiga blanketi kama mutu amekamata mwizi. Na jana ile ndizi yake — tope. Tope kabisa, na hakuna pilipili. Nasema kwa sauti na hageuki. Aksanti Yesu.

Sasa, mambo yenyewe. Kwa kaseti yake Illuminée amesema: Mama, niko naandika kitabu kikubwa, cha inchi yenye haiko kwa karte, kwa ramani yoyote. Nimeitoa kwa ile hadisi yako ya mutoto mwenye kubeba moto. Lakini Mama, hukutuambiaka mwisho. Inaishaka namna gani?

Nikafunga mashini. Nikaenda kupepeta maharagi. Ilikuwa imepepetwa tayari.

Alhamisi, tarehe 9 mwezi wa tisa

Mvua. Jino linaniuma, ile ya nyuma. Mukamusoni anasema niende wang'oe. Mukamusoni ni rafiki yangu wa samaki, tumeuza sambaza pamoja miaka na miaka, yeye hana hata jino moja na anatafuna mihogo kuniliko.

Nilitaka kusema nini? Hadisi.

Mama yangu alikatazaka hadisi muchana. Mwenye kutoa hadisi na jua iko juu anageuka mujusi, alisema hivyo. Donc hapa sitoi hadisi, nasema tu habari yake. Kama nitakuwa mujusi, mutaniona kwa ukuta.

Tulikuwa Goma, wakimbizi wa mwaka wa sitini. Baba yao alikufa mapema. Nyumba juu ya mawe ya volkano, meusi, yanakata viatu. Maharagi ilichelewaka kuiva — kuni mbaya, maji mbali — na watoto wanalala na njaa kama hukuwashikilia. Ndiyo kazi ya hadisi. Kuwashikilia mupaka sufuria ifunuliwe. Usifikirie ni kitu kikubwa! Ni maharagi.

Nikawaambia: zamani watu wa kando ya ziwa hawakuwa na moto. Mama mumoja akatuma mutoto wake kwa Nyiragongo, mulima, kuomba kaa la moto kwa mama muzee mwenye kukaa mule ndani. Muzee akamupa kaa ndani ya kipande cha chungu. Akamuambia: beba, lakini wakikuita njiani usijibu. Basi. Mutoto anashuka mulima, anarudi kwao.

Na kwao ni wapi? Ni kwetu. Ni huku, Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, kwenye mi nilizaliwa. Siye tulikuwa tunaiona tu. Unasimama nyuma ya nyumba pale Goma unaona kilima cha Rubavu, unaona moshi ya mapishi ya watu, na hauwezi kwenda. Watoto hawakufikaka hata siku moja. Donc nikawaonyesha kwa kidole: muone ule mugongo wa kilima, pale mutoto alipita. Ule ukungu juu ya maji, ni mashuka ya watu wa chini ya ziwa, wameanika. Kule mbali maji inachemka yenyewe, juu ya vile wale wa chini wanapika. Na haya mawe meusi tunakalia, ni ng'ombe wamelala, musipige kelele.

Illuminée alifumbua macho hivi. Akaangalia kilima tu. Mi nilizani hasikii. Kumbe alikuwa anaweka akiba.

Lakini Ntwali! Mudogo wa nyumba. Kwetu hadisi inafungwa na mutoto mudogo, ndiye anasema yale maneno ya mwisho: si mimi niishe, hadisi ndiyo iishe. Bila yale maneno hadisi iko wazi, kama mulango. Kila siku maharagi ikiiva namuambia Ntwali, funga. Anakataa! Anatia kidole kinywani, anakitoa, anasema: "Hanyuma?"

Hanyuma, ni kusema: kisha ikawa nini? Nikasema funga. Hanyuma? Funga, chakula inapoa. Hanyuma? Basi kesho nikaongeza. Mutoto akapita kwa mufua chuma kipofu. Akapita kwa inchi ya watu wenye kulala wamesimama kama korongo. Mwaka ukaisha, mwingine. Moto haukufika.

Na ningemufikisha namna gani nyumbani, na siye nyumbani hatukuwa nayo?

Denyse anaita chakula. Ndizi tena.

Jumapili, tarehe 12 mwezi wa tisa

Kisha misa Munyakazi amekuja. Ndugu ya marehemu bwana yangu. Amekaa, amekunywa, amefuta mudomo, nikajua.

Akasema: Shemeji, kilio ya Ntwali inafungwa lini?

Nikamuuliza kilio gani.

Akasema: Shemeji.

Bon. Niseme, kaseti inyamaze. Ntwali alipanda boti mwisho wa mwaka wa tisini na sita, asubui, kwenda Kibuye kuleta bidhaa. Upepo ukainuka. Boti haikufika. Wengine maji iliwarudisha kwa kando, wakazikwa. Ntwali hakurudishwa. Tulikaa kilio, watu walikuja, moto ukawashwa kwa lupango, uani. Siku ya kufunga mi nikasema: mutafunga nini? Muko mumemuona? Wakaenda nyumbani na pombe yao. Tangu ile siku kilio iko wazi. Ikirezi akazaliwa ndani ya kilio wazi. Mutoto ya Ntwali, hakumuona baba yake hata ukucha.

Munyakazi anasema kilio wazi inafunga watu wengine. Anasema Denyse bado kijana. Anasema iko mutu, Shyaka, wa duane, wale wa ushuru kwa mupaka, mutu wa adabu, amekuja kwake kuuliza. Lakini mujane mwenye kilio haijafungwa hakuna mutu anamuposa.

Nikamuambia: huyo Shyaka mwenye shingo kama ya bata?

Akacheka, halafu hakucheka tena. Akasema: Shemeji, we unamungoja Ntwali. Na sisi wote tunakungoja we.

Denyse alikuwa kwa mulango na sinia. Hakuinua macho. Anajua. Anataka! Nimeona vile ameweka sinia chini, polepole, kama sinia itaamusha mutu.

Anataka kumuzika. Nasema hapa peupe na haelewe: unataka kumuzika mutoto wangu upate shingo ya bata!

Anamwaga maji ya vyombo. Hageuki.

Jumanne, tarehe 21 mwezi wa tisa

Leo tulienda kwa maji ya moto, mi na Mukamusoni. Nilibeba mashini ndani ya kitenge kama mutoto, nimupelekee Illuminée sauti ya maji kwa kitabu yake.

Kila mutu kwa njia: Mama, umezaa tena? Mukamusoni anawajibu: amezaa, na hii haiombe chakula, inaomba pile, zile betri.

Tulishukia kwa kiwanda cha pombe, tukafuata kando ya ziwa. Tukafika.

Yewe.

Ni kadogo! Ni kashimo. Wamama wanafua nguo. Muzee mumoja ameingiza muguu yenye kuvimba. Vijana wanachemusha viazi ndani ya sashe ya plastiki. Na mi kule Goma niliwaambia watoto ni jiko la watu wa chini ya ziwa, sufuria kubwa kuliko kanisa ya Nyundo!

Nilikuwa nimeisahau. Nilitoka huku na mimba ya Illuminée, nikaenda nayo kichwani, na kila mwaka ikaongezeka. Siku tulirudi, mwaka wa tisini na tano, Ntwali ndiye alinileta kuiona. Akasimama pale. Mwanaume mukubwa, na ndevu. Akaangalia kale kashimo, akacheka mupaka akakaa chini. Akasema: Mama, we ni mwongo wa kwanza wa Afrika yote. Kisha akaingiza mukono ndani ya maji, akaiacha mule. Muda mrefu. Akaniambia: lakini inachemka kweli.

Nikawasha mashini. Sauti ilikuwa ya wamama wanasengenya mutu. Maji yenyewe haikusikika.

Mukamusoni akaniuliza: unalia nini? Nikamuambia ni jino.

Wavuvi walikuwa wanatoka, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja na miti, wanaimba. Sasa wanawasha taa tena kwa maji, ile miaka ya vita walikatazwa. Nyiragongo ng'ambo hauwaki, moshi kidogo tu. Nikaangalia maji. Ziwa hili ni zuri, na halisemi kitu.

Jumatano, tarehe 22 mwezi wa tisa

Jino. Mvua. Hakuna pile.

Jumapili, tarehe 26 mwezi wa tisa

Kaseti mupya imefika, mufanyabiashara wa Goma ameileta. Nimeisikiliza peke yangu, kisha mara ya pili, kisha nimeitoa nimeiweka chini ya mutungi.

Illuminée anasema: Mama, hukunijibu. Watu wa kitabu wanakitaka, siwezi kungoja. Nimejiandikia mwisho mwenyewe. Akausoma, anaugeuza toka Kifaransa. Sauti yake imekuwa ya kizungu kidogo, kwa pua.

Ni kitabu kizuri. Lazima niseme. Yote iko mule! Ng'ombe wa mawe, wameamuka wanatembea na moto kwa macho. Mashuka ya ukungu. Mufua chuma kipofu, amemupa binti. Ile inchi anaiona mutu akisimama ng'ambo, na akikaribia inarudi nyuma — ile sikumuambia mi. Ile aliiona mwenyewe, nyuma ya nyumba pale Goma. Nilisikiliza na mukono kwa mudomo. Nilifikiri: huyu mutoto alikuwa na njaa, mi namudanganya na maneno, na yeye amejenga inchi.

Halafu mwisho. Mutoto anafika kwa ziwa. Wa chini ya maji wanamuita na sauti ya mama yake. Anajibu. Anaanguka. Kaa la moto linazimika, na yeye anakuwa mufalme wao kule chini, na taji ya vigamba, na hakumbuki tena jina yake.

HAPANA! Nimelia hapana kama mutu ameona nyoka, Denyse akakimbia toka nje, Ikirezi akaanza kulia.

Mutoto hakuanguka! Mi mama yangu aliniambia mwisho, mi ninaujua, hakuanguka!

Illuminée anaweza kusema nini? Sikumuambia. Nimenyamaza, basi amemupa ziwa. Ametoa ndugu yake akamupa ziwa, juu mi nimekataa kusema.

Munyakazi anataka kumufunga Ntwali na pombe, Illuminée amemufunga na kitabu. Kila mutu iko na kifuniko yake.

Jumamosi, tarehe 2 mwezi wa kumi

Nasema polepole. Utajua sababu.

Jana niliwasha mashini hapa, nikaanza kumutukana Denyse kidogo, ile ya kawaida. Nikasema mujane wa leo hata machozi haikauki ameshaangalia njia. Nikasema angekuwa mama kweli asingependa mutoto wake aitwe na jina ya mwanaume mwingine.

Alikuwa nje anachambua maharagi. Akaweka ungo chini. Akaja mupaka kwa dirisha. Akasema — kwa Kiswahili! Kile cha barriere kwa mupaka, cha wauza vitenge, lakini Kiswahili:

"Mabukwe, mi nasikia." Mabukwe, ni kusema mama-mukwe.

Nikamuuliza unasikia nini.

"Yote. Tangu mwaka jana. Nauza vitenge na watu wa Goma kila siku, ulifikiri naongea nao na mikono?"

Ayii! Nilitafuta kifungo cha mashini, nikafinya kile cha kurudisha nyuma, sauti yangu ikatoka yenyewe: chiriri-chiriri, kama ndege. Ikirezi akacheka. Peke yake.

Nikamuambia: na mambo ya ndizi?

Akasema: "Na ya ndizi. Ndiyo maana sijaweka pilipili. Nilikuwa nangoja uniombe."

Kisha akainamisha kichwa kwa chuma ya dirisha. Akasema, sasa kwa Kinyarwanda, juu kile Kiswahili hakikutosha: Shyaka nimemujibu tangu zamani. Nimemuambia, siku ile Mabukwe atafunga, na mi nitafunga. Kama hafungi, mi nakaa. Nitapika tope mupaka tuzeeke.

Akasema: we unasema na mashini. Mi sina hata mashini.

Nilitoka nje, nikakaa kando yake, tukachambua maharagi. Kulikuwa na mawe mengi.

Leo asubui nimemutuma mutu kwa Munyakazi. Aloweke mutama wa pombe. Nimesema Jumamosi yenye inakuja.

Ijumaa, tarehe 8 mwezi wa kumi

Iko kiza kidogo, si sana, kuku wameingia. Niko kwa chumba, nimefunga mulango. Wao wako kwa jiko wananingojea. Nitasema haraka.

Kesho ni kufunga kilio. Leo nilisema: basi kabla ya kesho, nimutolee Illuminée mwisho ya kweli, awaambie wale wa kitabu wafute ile ya ziwa. Jua limezama, siwezi kuwa mujusi. Maharagi iko kwa moto. Denyse upande huu, Ikirezi kwa magoti yangu. Nikaweka kaseti ya Illuminée. Ka-taa kekundu.

Nikaitoa. Yote. Kama mama yangu aliniachia.

Mutoto akafika. Waliita kwa maji, hakujibu. Waliita na sauti ya mama yake, hakujibu. Akapanda kwao, akagonga. Mama akafungua, akaona muzee, nywele nyeupe, mikono imeungua. Akasema: mi nangoja mutoto, si muzee, pita. Yule akasimama tu. Hakusema ni mimi, alikuwa amesahau kusema, juu ya kunyamaza njia yote. Akaweka chungu kwa kizingiti. Kaa bado inawaka.

Mama akaangalia kaa. Akaangalia ile mikono. Akamuingiza.

Akawasha jiko, moto wa kwanza wa inchi yote. Akapika, akamulisha. Mutoto akakula akashiba, akalala kwa mukeka kwenye alilalaka. Na asubui mama akaamuka, kwa mukeka ni majivu tu, na kwa jiko moto inawaka. Majirani wakaja na vipande vya vyungu kuomba.

Ndiyo mwisho.

Denyse alikuwa amefunika uso na kitenge. Sufuria inachemka. Nikasukuma kuni, nikasema: sasa mudogo wa nyumba afunge.

Ikirezi. Iko na miaka miwili na kitu. Denyse akainama, akamupa maneno sikioni, moja moja: sema, mama, si mimi niishe…

Mutoto akamuangalia mama yake. Akaniangalia. Kidole kwa kinywa.

Mi nikajua mbele. Nilijua kwa ile kidole.

Akakitoa. "Hanyuma?"

Hakuna mutu alimufundisha! Naapa. Baba yake hakumuona hata ukucha.

Denyse akasema, sema, shenge, si mimi niishe. Hanyuma? Sema, Ikirezi. Ananivuta kitenge, mi mama ya baba yake: hanyuma, nyogokuru, hanyuma?

Nikasimama. Nikasema mashini imechoka, mungoje. Imechoka wapi! Nikabeba mashini nikaja nayo huku, nikatoa kaseti ya Illuminée, nikaweka hii yangu.

Mutu anapiga mulango wa lupango. Ni Munyakazi, nasikia kikohozi yake, ameleta mitungi ya kesho. Na sauti nyingine nyuma yake, ya adabu, inasema hodi polepole. Shyaka. Amesaidia kubeba.

Denyse haendi kuwafungulia. Nasikia hajainuka. Ananiita, na Kiswahili yake ya vitenge: "Mabukwe, tunakungoja. Mutoto hataki kulala."

Maharagi imeiva, naisikia kwa harufu.

Kaseti ya Illuminée iko kwa mukono yangu. Nimeigeuza kwa mwanga wa dirisha. Upande wa kwanza umejaa. Upande ule mwingine bado mutupu, unangoja hanyuma.